Swali la Wahusika: Mhadhiri wa Fasihi Anapobadili Somo

Kila vyuo vikifunguliwa, mabishano ya wapenzi wa fasihi yanarudi pale pale: kwa nini kitabu hiki kimo kwenye orodha ya kozi na kile hakimo. Kwa nini Shaaban Robert kila mwaka. Kwa nini kijana aliyeshinda tuzo juzi bado hajaingia. Ni mabishano matamu, na mimi huyaingia kichwakichwa kama wengine. Ila kuna mtu tunamruka. Kati ya orodha na mwanafunzi anasimama mhadhiri, na huyo kila muhula anaamua mambo chungu nzima ambayo hakuna anayeyaandikia makala: asome kwa sauti au agawe kitini, darasa likinyamaza aendelee au asimame, mtihani uulize nini. Leo namwandikia yeye. Na nitamchukulia kama mhakiki, maana kufundisha kitabu ni kukihakiki mbele ya watu ambao, tuseme ukweli, nusu yao hawajakisoma.

Ninachotaka kusema nitakisema mapema ili tusichoshane. Mhadhiri anayefikiri simtambui kwa wingi wa mabadiliko anayoyafanya. Namtambua kwa kuwa anajua kila jambo analofanya darasani liliingia kwa sababu gani, na sababu hiyo ikishakufa anagundua.

Tuanzie Nairobi, kwenye uamuzi unaotajwa kuliko yote katika ukanda wetu. Tarehe 24 Oktoba 1968 wasomi watatu, James Ngugi (ndiye huyo tuliyekuja kumwita Ngũgĩ wa Thiong'o), Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, walitoa waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ifutwe. Chuo cha Nairobi wakati huo kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Waraka ulikuwa jibu kwa mapendekezo ya kaimu mkuu wa idara hiyo, na Ngũgĩ akaja kuuchapisha ndani ya Homecoming mwaka 1972. Wengi wanaoutaja hawajausoma. Wamesikia "kufuta", basi wanadhani wazee walimkusanya Shakespeare wakamtia kiberiti. Wala. Usome utaona fasihi ya Ulaya bado imo. Kilichobadilika ni mahali pa kusimama. Walihoji kwa nini fasihi ya Uingereza iwe shina na Afrika iwe tawi la kupandikizwa. Wakataka Afrika iwekwe katikati, kisha fasihi nyingine zitazamwe kutokea hapo: fasihi simulizi, fasihi ya Kiswahili pamoja na za Kiarabu na Asia zinazohusiana nayo, fasihi teule ya Ulaya, fasihi ya kisasa ya Afrika.

Kinachonivutia mimi kama msomaji ni jinsi pendekezo linavyokuja limeshikana na sababu yake. Fasihi simulizi, kwa mfano, haikuingizwa ili kuwapa mababu heshima yao. Waliitetea kwa hoja kwamba iko hai, na kwamba mwanafunzi anayeichunguza atapata moyo wa kujaribu maumbo mapya. Hiyo ni hoja ya mwalimu. Ukitaka kuipinga unajua pa kupiga. Linganisha na kozi nyingi za siku hizi, ambako ukiuliza kwa nini kitabu fulani kipo unaambiwa kimekuwepo siku zote.

Pamoja na hayo, waraka una tundu. Unazungumza sana juu ya vitabu na mahali pake, na mwanafunzi aliyeketi mbele ya vitabu hivyo anaonekana kwa mbali tu, kama abiria aliyesimama ng'ambo ya barabara. Hata Idara ya Kiingereza ilipogeuka kuwa Idara ya Fasihi, masomo yake yaliendelea kwa Kiingereza. Ngũgĩ alikuja kukutana na tundu hilo akiwa nje ya chuo. Mwaka 1977, huko Kamiriithu, yeye na Ngũgĩ wa Mirii waliandika tamthilia ya Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu, na wakulima na vibarua wa pale wakawa wanaisahihisha wakati wa mazoezi, hasa lugha yake, maana lugha walikuwa wanaijua kuliko watu wa chuo kikuu. Serikali ilisimamisha maonyesho Novemba, na siku ya mwisho ya mwaka ule Ngũgĩ akakamatwa na kuwekwa kizuizini. Kisa chenyewe anakisimulia katika Decolonising the Mind (1986). Ukisoma waraka wa 1968 na sura ile ya Kamiriithu kwa pamoja utaona tofauti: mara ya kwanza walimu waliamua kwa niaba ya darasa, mara ya pili darasa lilimjibu mwalimu, naye akaandika upya.

Dar es Salaam ilipita njia nyingine. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu ilianzishwa mwaka 1970, na humo fasihi ikafundishwa kwa Kiswahili chenyewe. Leo tunaona ni kawaida. Hebu fikiria ungekuwa wewe: unaingia darasani kufundisha uhakiki kwa lugha ambayo bado haijazoeshwa kazi hiyo katika ngazi hiyo, na mwanafunzi wako amezoea kuchambua fasihi kwa Kiingereza. Unahitaji majina ya vitu. Ndipo fani, maudhui, dhamira, mandhari na ndugu zao wakapewa ajira mpya. Na kwa kuwa zilikuwa zama za Ujamaa, maudhui yakakaa kiti cha mbele: kitabu kinaiambia nini jamii, kiko upande wa nani? Mimi siwacheki watu wale hata kidogo. Walimu waliona wanafunzi hawana zana, wakawapa zana. Ulikuwa uamuzi wa busara.

Tatizo ni umri. Zana zilishuka sekondari pamoja na walimu waliohitimu, zikaandikwa kwenye miongozo, miongozo ikawa madesa, na vijana wakapanda nazo tena mpaka chuo kikuu zikiwa zimekauka. Fani kikombe, maudhui chai. Dhamira kuu, dhamira ndogondogo, ujumbe, migogoro, falsafa ya mwandishi, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Nyote mnalijua, wengine mnaweza kulitaja usingizini. Namfahamu mtu mwenye alama A ya fasihi ambaye anasema waziwazi, tena kwa kujisifu, kwamba riwaya zote alizoulizwa alizisoma kupitia desa. Jibu la shida ya mwaka 1970 bado linatolewa, wakati shida yenyewe imehama. Mwanafunzi wa leo hana upungufu wa majina ya vitu, majina anayo tele. Anachokosa ni kitabu.

Halafu kuna Nagona.

Tukimsoma Euphrase Kezilahabi tunasahau kwamba alikuwa mhadhiri hapo hapo Dar es Salaam. Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979) zinaweza, kwa kubanwabanwa, kuingia kwenye visanduku vya desa. Mwaka 1985 akamaliza shahada ya uzamivu Wisconsin, Marekani, kwa tasnifu juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Mwaka 1990 ikatoka Nagona, kitabu chembamba ambacho mtu anaweza kukimaliza kwa mkao mmoja akabaki anajiuliza amesoma nini. Msimulizi ni "mimi" tu. Mji hauna anwani. Wakati unakwenda na kurudi, na kinachotafutwa, huyo nagona mwenyewe, ukidhani umemwona ameshapita. Wahakiki wameisoma kama riwaya ya kifalsafa, na ni kweli. Mimi naisoma pia kama riwaya ya mwalimu. Mtu aliyekaa miaka akisahihisha insha zenye majibu yaleyale kwa mpangilio uleule ameandika kitabu ambacho majibu hayo hayashiki. Huo ni usomaji wangu, upingeni mkitaka.

Nilikutana nayo nikiwa mwaka wa pili, katika chuo nisichokitaja, kwa mhadhiri ambaye naye simtaji kwa kuwa hapendi. Ukumbini tulikuwa zaidi ya mia mbili, kwenye semina thelathini. Wiki mbili za mwanzo alituhadhiria juu ya udhanaishi, nasi tukanakili kama wanavyonakili makarani wa mahakama. Semina ilipofika, kimya. Si kimya cha watu wanaofikiri, ni kile cha watu wanaotazama meza. Hapo mhadhiri ana njia mbili rahisi. Anaweza kuwashushua wanafunzi kwa uvivu. Au anaweza kusema kitabu ni kigumu mno kwao, akakiondoa mwaka unaofuata na kurudisha Rosa Mistika, akajiona amewahurumia. Njia zote mbili ni tafsiri ya kimya, na zote mbili zinafasiri kabla ya kusoma.

Mwenzetu mmoja wa nyuma ndiye aliyefungua mdomo. "Samahani mwalimu, huyu mhusika mkuu anaitwa nani?"

Tukaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. "Jina unalitakia nini, mwanangu?"

"Kwenye mtihani swali la wahusika halikosi, mwalimu. Sasa nitaandika nani?"

Nimelirudia jibu lile kichwani mara nyingi kuliko mihadhara yote ya mwaka ule. Mwalimu alitulia kidogo, akafunga daftari lake, akatuambia swali hilo mwaka huu halitakuwepo. Na kweli halikuwepo. Kitabu kilibaki, udhanaishi ulibaki, vitini vilibaki. Kilichoondoka ni swali moja la mtihani, pamoja na mengine yote ambayo swali lile lilikuwa linayaamuru kutokea mbali. Maana sisi hatukuwa tunaisoma Nagona, tulikuwa tunaikagua kama maofisa wa forodha: fungua begi, wahusika wako wapi, dhamira umelipia ushuru? Ugumu wa kitabu ulikuwa haujatufikia bado. Tulikuwa tumekwama mlangoni, na mlango aliuweka mtihani.

Wiki iliyofuata akaja na karatasi nyeupe, akagawa moja moja, akasema chora safari ya msimulizi: ametoka wapi, amepita wapi, amefika wapi. Ramani thelathini, na hakuna mbili zilizofanana. Mmoja alichora duara. Binti mmoja alichora ngazi isiyofika juu. Kuna jamaa aliweka nukta moja katikati ya karatasi, akaitetea nukta yake kwa robo saa nzima kwamba huyu bwana hajaondoka mahali. Sijaona semina nyingine ambayo watu walifungua kitabu mara nyingi kiasi kile, wote wakitafuta ukurasa wa kumshinda mtu wa nukta. Hapo ndipo ule udhanaishi wa wiki mbili zilizopita ulipopata pa kushika.

Baadaye sana nilikutana na ramani za namna ile mahali nisipotarajia. Vladimir Nabokov, mwandishi mzaliwa wa Urusi, alifundisha fasihi Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kuanzia mwaka 1948 kwa takriban miaka kumi, na mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1980, baada ya kifo chake, kwa jina la Lectures on Literature. Ndani yake kuna michoro ya mkono wake mwenyewe: mizunguko ya wahusika wa Ulysses katika mitaa ya Dublin, mpangilio wa vyumba vya nyumba ya Samsa katika hadithi ya Kafka. Kwake yeye, asiyejua mlango uko upande gani asianze kueleza mlango unaashiria nini. Nilicheka peke yangu. Ila tofauti ipo, tena kubwa. Ramani ya Dublin unaweza kuipata au kuikosa, na Nabokov alitaka uipate. Ramani ya Nagona lazima uikose, na mwalimu wetu alitaka tuone tunaikosea wapi. Kama aliiazima mbinu kwa Nabokov, basi aliigeuza ndani nje ili imfae kitabu alichokuwa nacho.

Kwa tabia Nabokov ni mtu wa mwisho ungemtaja kwenye makala ya wahadhiri wanaobadilika. Mihadhara aliiandika neno kwa neno na kuisoma vilevile darasani, mwaka nenda mwaka rudi. Dharau zake zilikuwa nyingi, Dostoevsky anaijua. Lakini mwaka 1950, akiandaa kozi, alimwandikia rafiki yake Edmund Wilson kutaka ushauri juu ya waandishi wa Kiingereza, na kwenye mazungumzo yao ya barua akasema waziwazi hampendi Jane Austen, na kwamba ana chuki na waandishi wanawake wote kwa jumla. Wilson akambana. Nabokov akaisoma Mansfield Park, akaifundisha. Hilo peke yake ni la kupongeza kwa mtu wa kiburi kile. Lakini mimi namheshimu zaidi kwa alichofanya baada ya hapo: aliwapa wanafunzi wasome pia maandishi ambayo wahusika wa riwaya wenyewe wanayataja, ikiwemo tamthilia wanayoifanyia mazoezi. Kuongeza jina kwenye orodha ni kazi ya dakika moja. Kujiuliza vijana walio mbele yangu mwaka 1950 watakosa kusikia nini katika riwaya ya mwaka 1814, kisha kuwapa hicho, ni kazi nyingine kabisa. Lawama yangu kwake ni moja. Ukisoma mihadhara ile ukurasa hadi ukurasa, anayesema ni yeye tu. Yule mwenzetu wa "anaitwa nani" asingepata nafasi.

Sasa tuje kwenye balaa la leo. Kuna dada mmoja ninayemheshimu, anafundisha ushairi chuo kimoja huko mikoani. Mwaka jana alinipigia simu amevimba. Amepokea insha juu ya Kichomi, mkusanyiko wa Kezilahabi wa mwaka 1974, na insha ni nzuri mno. Kiswahili kimenyooka, hoja zimejipanga kama gwaride, na beti zilizonukuliwa hazimo kitabuni. Akili mnemba imetunga na mashairi yenyewe.

"Mdogo wangu," akaniambia, "desa angalau liliandikwa na mtu aliyesoma kitabu."

Wenzake kazini walikuwa na dawa tayari: marufuku, na mitihani yote irudi ukumbini, kalamu na karatasi. Hakuipinga, ila hakuinywa siku hiyo. Kwanza aliwauliza wanafunzi ni wangapi wanacho kitabu. Mikono ikanyanyuka kumi na kitu, kati ya watu 140. Maktaba ina nakala mbili, moja haina jalada, na bumu la muhula lilikuwa halijaingia. Yaani sehemu ya kile alichokiita wizi ilikuwa ni watu walioulizwa juu ya kitu wasichokuwa nacho. Wavivu walikuwepo, tena wengi tu, lakini marufuku ingewaweka wavivu na wasio na kitabu kwenye kapu moja.

Uamuzi alioufanya naona ni wa kihakiki hasa. Kila mwanafunzi anakili kwa mkono shairi moja kutoka nakala ya maktaba, analihifadhi, analighani mbele ya wenzake, kisha anatetea pale alipopumua. Kwa nini pale alipopumua? Kwa sababu hiki ni Kichomi. Katika shairi la arudhi, mizani na vina vinakuambia wapi pa kupumzika, hata kama hujaelewa kitu utapumzika pazuri. Kezilahabi aliviondoa, na zogo lililozuka miaka ile juu ya kama huo ni ushairi au la mnalijua. Ukiviondoa, pumzi inakuwa uamuzi wa msomaji. Ukipumua mahali fulani umeshafasiri, na mwalimu anaweza kukuuliza kwa nini hapo na si mstari wa juu. Programu itakuandikia insha, lakini haiwezi kupumua kwa niaba yako mbele ya darasa. Kwa shairi la tarbia zoezi hilo lingekuwa nusu ya thamani yake. Alilichagua kwa ajili ya kitabu hiki.

Lilimtoa jasho, na hili lazima lisemwe, maana wapo wanaosimulia mageuzi ya ufundishaji kana kwamba wahadhiri hawalali. Wanafunzi 140 kwa dakika tano tano ni karibu saa kumi na mbili za kughani. Sauti ilimkauka kwa kuuliza. Kijana mmoja mwenye kigugumizi akaja ofisini kuomba asamehewe. Hakumsamehe. Walisoma wawili, mlango umefungwa, na pumzi za yule kijana, aliniambia, zilimfundisha kuhusu shairi lile jambo ambalo hakuwa amelisikia. Muhula uliofuata akapunguza: nusu wanaghani, nusu wanasikiliza na kuandika aya moja, papo hapo, wakipinga pumzi moja ya mwenzao. Mimi nina mashaka na ule mgawanyo. Naona waliosikiliza walipata kazi rahisi zaidi kwa alama zilezile, na nimemwambia. Yeye anasema kusikiliza ndiyo kazi ngumu. Hatujakubaliana mpaka leo.

Juzi amenitumia mpango wa kozi ya muhula ujao. Kichomi kimerudi, safari hii na nakala sita zaidi alizozikusanya kwa watu, mbili zikiwa zangu. Wiki ya saba ameiacha tupu. Nikamwambia, dada, weka Karibu Ndani hapo, utanishukuru. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, nyuma yake zinasikika kelele za watu wanaoingia ukumbini:

"Ngoja kwanza niwaone."